Maji Mdomoni

Jumatatu, 3 Machi

Ngumbaru ya leo imeisha, ile shule ya watu wazima huko kanisani. Nimerudi, nimekula, naandika. Mwalimu amesema kila mtu aandike kidogo kila siku na asionyeshe mtu. Mimi kuficha maneno! Lakini haya. Kitabu inakaa chini ya godoro, upande wangu.

Leo nimesoma ukurasa mzima bila kusimama. Omuga, fundi wa baiskeli, alikuwa amelala mdomo wazi. Nikamwambia nzi wanatafuta ploti huko ndani wajenge. Darasa yote ikacheka. Mwalimu Jendeka akacheka pia, ile kicheko yake ya pua, haina sauti. Huyo mama anaongea kama mtu ako na mtoto amelala mgongoni. Ni mtu wa Vihiga. Sijui wenye walimpa kazi ya ualimu walimsikia aje.

Halafu akaenda kwa bibi yangu, Min Achieng, mama ya Achieng wetu, huko kwa dirisha. Akaketi kando yake. Akaweka kidole chini ya neno. Akangoja. Si kungoja ya kawaida. Kungoja ya ng'ombe kwa mvua. Mimi nilikuwa nishaona hiyo neno kutoka mbali, ulimi inaniwasha. Nikafungua mdomo. Mwalimu akaniangalia tu. Nikafunga.

"Sa-ma-ki," Min Achieng akasema.

Huyu mwanamke amekaanga mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta kiwanda inabakisha, tangu Achieng wetu akiwa wa kubebwa. Leo ndio amekutana na samaki kwa karatasi. Hakufurahi na sauti. Alishika tu hiyo neno na kidole, kama itaruka irudi ziwani.

Mwalimu akisimama alishika tumbo. Sikupenda.

Jumatano, 5 Machi

Hakuna darasa. Mvua inatisha tu, hainyeshi.

Watu wa hapa Dunga wananiita Redio. Ni haki yao. Nilikuwa taniboi wa lori miaka mingi, Kisumu mpaka Busia, na hakuna kizuizi cha polisi sikukiongelesha. Dreva wangu alikuwa ananipatia chupa, ananiambia, "Redio, jaza mdomo maji, tukipita ndio umeze." Ati nikifungua mdomo tunalala ndani. Wivu tu.

Wakati naanza ngumbaru, ile kimya ya Mwalimu ilikuwa karibu kuniua. Herufi zinakaa kwa ubao kama wafungwa. Nikasema naacha. Mwalimu akaniuliza, "Mzee, ile ya kiboko ilikuwa aje?" Nikamwambia. Mafuriko ya Ahero, lori imekufa, dreva amekimbia, kiboko amepanda ameketi kwa usukani, na mimi namwambia, "Bwana, hii ni lori ya mchele, shuka." Akashuka. Mwalimu alikuwa anaandika tu. Siku ya darasa akanipatia karatasi. Kumbe ni kiboko yangu! Nikasoma kama gari inashuka mteremko bila breki, kwa sababu nilijua kila neno inaenda wapi.

Alinifunza na uongo yangu mwenyewe. Si uongo.

Min Achieng hakupewa kiboko. Alipewa kiti ya dirisha, penye mwanga.

Jumamosi, 8 Machi

Achieng ametuma ujumbe. Huyo ndiye mtoto wetu. Ameolewa Kalokol, huko Turkana, wanaanika samaki wa ile ziwa ingine. Sauti kwa simu inakatika, maandishi ndio inapita.

Mimi ndiye msomaji wa boma. Nikapanda juu ya ngazi ya mlango, nikaita majirani. Aliandika: "Mama, huku jua ni kali. Mtoto ameanza kutambaa." Hiyo tu. Sasa hiyo utalisha watu namna gani? Nikatia chumvi kidogo. Nikaweka ngamia. Mtoto akatambaa mpaka kwa ngamia, akashika mkia, ngamia akaogopa. Watu wakapiga makofi.

Min Achieng alikuwa anageuza mifupa kwa karai. Watu wakienda akaniuliza:

"Baba Achieng. Huyo ngamia alikuwa ndani?"

"Alikuwa karibu."

Akageuza mfupa mwingine. Halafu: "Nitajisomea. Peke yangu."

Nimecheka. Sasa naandika na sioni cha kuchekesha.

Alhamisi, 13 Machi

Tumetoka hospitali. Nilifikiria macho yake ni moshi ya kukaanga. Si moshi. Ni presha ya macho. Min Achieng anaona katikati tu, kando yote imefungwa, kama mtu anachungulia kwa tundu ya mlango. Hakuniambia. Sasa ndio najua kwa nini anagonga viti na kwa nini kuku zinamshangaza.

Daktari ni kijana, anaongea na kompyuta. Amesema chenye kimeenda hakirudi. Kuna dawa ya matone, itachelewesha tu. Tundu itaendelea kujifunga.

Kwa njia nikamtania: "Sasa mabibi wangu wengine wakipita kando hutawaona." Akacheka kidogo. Tukatembea. Tukifika kwa mnara wa simu akasema:

"Nataka kusoma maneno ya Achieng kabla ifunge."

Hiyo ndiyo yote. Huyu mtu haombangi. Tangu nimuoe, naweza kuhesabu vitu ameomba na vidole vya mtu wa kiwanda cha mbao.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna mtu.

Jumatatu, 24 Machi

Mwalimu ameenda. Amepata uvimbe ndani ya tumbo, anarudi kwao Vihiga, watamtibu huko. Kanisa haina mwalimu mwingine. Akatuuliza nani anaweza kushika chaki mpaka apone. Watu wakaniangalia. Hata bila wao kuniangalia ningesimama.

Alinipatia chaki, nusu boksi. Akasema, "Mzee, kila mtu na mlango wake." Nikasema nitavunja milango yote, asijali. Alicheka na pua.

Min Achieng alishikilia mkono wake kwa mlango, muda mrefu. Hawakusema kitu, hao wawili. Ni kama walikuwa wanaongea.

Alhamisi, 27 Machi

Leo Kisumu imepata mwalimu!

Nilianza na pakruok. Mjaluo gani hajui? Kwa ngoma mtu anasimamisha muziki, anajisifu mbele ya watu, ndio muziki iendelee. Nikasema darasa yangu hakuna kusoma kabla ujisifu. Mtu akijisifu kifua inafunguka, herufi zinaingia.

Nikaanza mwenyewe: "Mimi Redio wa Dunga, betri haiishi, kiboko wa Ahero ananisalimia na jina!"

Omuga akaruka: "Mimi Omuga, spoki zote za Kisumu zinaniita baba!" Na akasoma mstari mzima! Omuga! Yule wa kulala! Watu wakapiga meza.

Pilista, yule mama wa vitunguu, akasema jina yake tu, chini chini, kama anaiba. Nikamwambia vitunguu zake zinaongea kumshinda. Kicheko.

Halafu Min Achieng. Akasimama. Akashika meza, maana haoni kando. Kimya. Nikaona aibu inakuja, nikamsaidia, si ndiyo bwana yake? Nikamsifu mimi, nikaanza na kijiji ya kwao: "Huyu ni nyar Pap Onditi, bibi ya Redio! Anaongea kama Krismasi, mara moja kwa mwaka, na lazima uvalie nguo mpya!"

Walicheka mpaka Omuga akatoka nje.

Akaketi. Neno yake kwa ubao ilikuwa "mlango". Hakuisoma. Nikaisoma mimi, tuendelee.

Siku kubwa. Lakini nikiangalia dirishani, sikupenda venye alikuwa ameketi.

Jumatatu, 31 Machi

Amesema miguu inauma, haendi ngumbaru. Nimemwambia macho ndio mgonjwa, si miguu. Hakucheka.

Alhamisi, 3 Aprili

Miguu bado. Pilista pia hakuja. Omuga amesoma mistari mingi, anasoma kama anapigana na mtu. Darasa yangu ni moto. Imepungua, lakini ni moto.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikutana na Pilista sokoni, ameketi nyuma ya vitunguu.

"Mama, mbona umenitoroka?"

"Mzee, naogopa kusimama."

"Si ni mchezo tu."

"Kwako."

Akapimia mtu mwingine. Nilisimama hapo kama sufuria haina kifuniko. Mimi nikose jibu! Nimekuja nikaandika jibu nyingi hapa, nikazikata zote. Zilikuwa za kuchekesha. Hazikuwa jibu.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imeanza kweli. Wanasema Ahero maji imeingia kwa manyumba, barabara imekatika, mpunga imelala chini. Hapa ziwa imepanda mpaka kwa miti, imeleta gugu maji yote mlangoni.

Nimeamua kufundisha Min Achieng hapa nyumbani. Mchana, mwanga ikiwa mzuri. Nikatoa karatasi za Mwalimu. Nikaweka kidole chini ya neno kama yeye. Hiyo ni rahisi, kidole niko nazo.

"Cha..." akasema.

"Chakula!" nikasema.

Akasogeza karatasi mpaka ikaingia kwa tundu yake. Akaangalia sana.

"Ni chanuo," akasema.

Ilikuwa chanuo. Nikacheka, nikasema hata mwalimu anajaribiwa. Tukaenda neno ingine. "Ki..." Nikasema kikombe. Ilikuwa kikombe. Ingine, nikasema. Ingine, nikasema. Sikuwa nataka kusema. Mdomo yangu iko na haraka, inafika kabla yangu.

Akakunja karatasi. "Wewe unasoma," akasema. "Mimi nasomewa."

Akaenda kuwasha jiko. Aligonga mlango na bega. Alikuwa ameona katikati, mbao ya mlango haikuwa katikati.

Jumapili, 13 Aprili

Ujumbe ya Achieng. Nikapanda ngazi, majirani wakaja. Nimefungua. "Tuko salama."

Hiyo tu. Ile ya kabla yake ilikuwa nini? "Tuko salama." Na kabla yake? Jua na mtoto kutambaa. Nimerudi nyuma kwa simu mpaka mwaka jana. Zamani alikuwa anaandikia mama yake marefu. Anauliza mambo ya mtoto, maziwa, bwana yake. Halafu inakuwa fupi. Fupi. Fupi. Tuko salama.

Nilisomea watu. Nikaweka upepo kubwa ya Turkana, ikabeba paa. Makofi hazikuwa nyingi.

Min Achieng alingoja waende.

"Baba Achieng. Hiyo mambo ya maziwa ya Achieng kukauka, uliisoma hapo kwa ngazi."

"Ilikuwa jambo ya kuchekesha."

"Shemeji yake, ndugu ya bwana yake, alikuwa hapo. Ilifika Kalokol."

Akamwaga mafuta ya jana. Akasema bila kuniangalia, "Mtoto akijua redio inasikika na kijiji yote, ataongea nini?"

Siku nzima sijatoka nje. Omuga alipita akaniita, nikasema tumbo. Nina hasira na sijui ni ya nani.

Alhamisi, 17 Aprili

Darasani ni Omuga peke yake. Nikamwambia tuanze pakruok. Akasema, "Kwa nani? Kwa viti?"

Tukaketi. Mvua inapiga mabati.

"Redio," akasema, "mimi kwa Mwalimu nilikuwa nalala. Kwako naamka. Mimi na wewe ni mbwa wa soko, tunakula vizuri kukiwa na kelele. Sasa paka itakula wapi?"

Nikamwambia aende akapige pancha. Akaenda. Nikafuta ubao ambayo haikuwa na kitu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mwalimu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo tangu zamani. Sasa ni uzi.

"Mzee, darasa iko aje?"

"Imejaa mpaka dirisha, Mwalimu. Wengine wanasimama nje."

Hata kwa simu huyu mama anangoja. Nilisikia mtu anaosha vyombo huko kwao, kuku, mtu anakohoa. Hakusema kitu mpaka uongo yangu ikaanza kunuka kwa sikio yangu mwenyewe.

"Imebaki Omuga," nikasema.

"Na mama?"

"Hasomi. Na macho inaisha."

Halafu: "Mzee, wewe hungojangi?"

"Nangoja nini?"

"Unangoja tu."

Nikauliza mpaka lini, lakini mtu mwingine alikuwa ameshika simu, akasema amechoka, apumzike.

Nimeandika hiyo neno kubwa hapa. NGOJA. Inaniangalia. Mtu anafanya namna gani kitu yenye haina kufanya?

Jumamosi, 10 Mei

Mwalimu Jendeka amekufa. Jana asubuhi. Pasta alikuja kutuambia.

Min Achieng alikaa kwa kiti ya dirisha hapa nyumbani mpaka giza ikaingia. Sikumtania. Sikuwa na utani.

Jumamosi, 17 Mei

Tumemzika Vihiga. Vilima, matope, majani ya chai imelowa. Mimi kwa mazishi ni mfalme, kila mtu anajua, watu wamekufa wakiwa na amani kwa sababu Redio ataongea. Kwa gari nilikuwa nimepanga hadithi ya kutosha siku mbili. Venye aliniandikia kiboko. Venye alicheka na pua.

Wakanipatia maikrofoni. Nikaona sanduku. Watu wananingoja. Nikakumbuka sauti yake, unangoja tu. Nikangoja. Hakuna kitu ilikuja.

"Alinifunza kusoma," nikasema. Nikarudisha maikrofoni.

Mzee mmoja wa huko aliuliza Min Achieng kama mimi ni mgonjwa.

Alhamisi, 22 Mei

Kanisa imefunga ngumbaru. Hakuna mwalimu, hakuna watu. Chumba imewekwa viti vya plastiki na mahema ya harusi. Omuga amebeba ubao, ameiweka kwa karakana, ameandika bei ya kuziba pancha. Ameandika vizuri. Nilimwambia "pancha" imekaa kama inavuja. Akacheka. Mimi sikucheka.

Min Achieng leo alimwaga chai kando ya kikombe. Kikombe ilikuwa hapo, tundu ilikuwa kando. Alipangusa haraka nisione. Niliona. Mimi kando yangu iko mzima.

Jumapili, 25 Mei

Nimekumbuka dreva wangu na ile chupa.

Baada ya kanisa nikachota maji kwa mtungi, nikajaza mdomo, mashavu imejaa kama chura. Nikachukua karatasi za Mwalimu nikaenda nikaketi kando ya Min Achieng, kwa mlango, penye mwanga iko. Nikaweka kidole chini ya neno.

Akaniangalia. Alihitaji muda, maana anakuona kipande kipande, jicho, pua, shavu. Akifika kwa shavu akauliza, "Ni jino imevimba?"

Nikatikisa kichwa. Nikaonyesha mtungi. Nikaonyesha mdomo. Nikaonyesha karatasi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mlango. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Achieng aolewe. Na mimi siwezi kucheka, nikicheka naogesha mtu.

Halafu akaangalia neno.

"Mmm," akasema. "M-ji..."

Haikuwa mji! Ilikuwa mjomba! Ulimi inagonga meno kama mtu amefungiwa choo. Nikalipuka. Maji ikaenda kwa karatasi, kwa leso, kwa kuku.

Akapangusa karatasi na leso, pole pole. Hakunigombeza.

"Kesho," akasema.

Jumatatu, 26 Mei

Nimeshika. Amesoma "mjomba" mwenyewe, akakosea kwanza, akarudi. Nilikuwa nalia machozi. Si huruma, ni kushikilia. Maji ikikaa mdomoni inakuwa moto na inakuwa na ladha ya wewe mwenyewe. Si tamu.

Jumatano, 28 Mei

Neno moja leo alikaa nalo mpaka kuku zikalala kivulini. Nilijua ameshindwa. Nilikuwa na hakika. Nilikuwa nimeanza kumeza ndio nimwambie. Akasema, "Subiri." Si kwangu. Kwa neno. Halafu akalisoma.

Kumbe hapo penye mimi naona hakuna kitu, yeye ako ndani anafanya kazi. Miaka yote nilikuwa nadhani kimya yake ni nyumba haina mtu, naingia naweka kelele zangu.

Inauma kuandika hiyo.

Jumapili, 1 Juni

Amesema, "Leta simu."

Ni kabambe yetu ndogo, simu ya kubonya, skrini yake maneno chache tu zinatosha. Sawa sawa na tundu yake. Nikafungua ile ujumbe ya upepo kubwa, yenye nilibeba nayo paa. Nikajaza mdomo.

"Tu-ko," akasema. "Tu-ko sa-la-ma. Tuko salama."

Akabonya kushuka chini. Hakuna. Akabonya ingine. Tuko salama. Ingine, jua na mtoto kutambaa.

"Ni hii tu?"

Nilikuwa na maji.

"Ngamia hayuko," akasema. "Upepo hayuko."

Nikaangalia chini. Maji nyingi mdomoni na mtu bado anakauka.

Jumanne, 3 Juni

Alichukua simu akaenda nayo kwa kiti ya dirisha. Akaniambia nimpe mgongo. Ameandika kutoka chai ya asubuhi mpaka wakati wa kuwasha jiko. Tit. Kimya. Tit. Kimya refu. Tit. Mara moja akauliza, "Herufi ya kwanza ya 'nasoma' ni ile ya vilima viwili ama kimoja?" Nikaonyesha kidole moja bila kugeuka.

Akauliza inatumwa na wapi. Nikamshika kidole nikakiweka kwa kitufe. Niliangalia dari. Naapa niliangalia dari.

Jumamosi, 7 Juni

Hakuna jibu. Mtandao ya huko ni ya kubahatisha. Ama ni mimi niliharibu kitambo.

Tundu imepungua. Jana alikuwa anatafuta chumvi kwa meza na mkono, kama mtu wa giza. Matone bado anaweka. Kila asubuhi anaangalia kwanza kalenda ya ukuta kuona ni herufi ngapi zinaingia mara moja. Hasemi ni ngapi. Mimi siulizi.

Jumatano, 11 Juni

Mvua imeisha. Gugu maji imeenda upande mwingine, ziwa imeonekana.

Simu imelia asubuhi. Mimi ndiye nilikuwa karibu. Jina ya Achieng. Mkono ikashika, kidole ikafika kwa kitufe. Nikaipeleka kwake.

Nikaenda kwa mtungi nikajaza mdomo. Hakuna mtu aliniambia.

Aliketi mlangoni. Alishika simu karibu na uso, anaisogeza kidogo, anasimama, anaisogeza. Midomo inaenda, sauti haitoki. Akabonya kushuka. Akasoma. Akabonya tena. Ilikuwa refu. Akabonya na kubonya. Mahali fulani alisimama, akarudi juu, akasoma hiyo pahali tena. Mafuta ikaanza kuungua kwa karai, nikaitoa.

Akimaliza aliweka simu kwa kifua ndani ya nguo. Aliangalia upande wa ziwa. Kama alikuwa anaona ziwa sijui. Uso wake haikuwa ya furaha na haikuwa ya huzuni. Ilikuwa yake.

"Leta hiyo mifupa," akasema. "Watu watakuja."

Jirani akaita kutoka kwa ua: "Redio! Nimesikia simu! Achieng anasemaje?"

Nikamwonyesha mashavu. Akangoja kidogo, akaenda.

Nikatoka nyuma ya nyumba. Maji ilikuwa imepata moto. Nikaimwagia mboga ya sukuma.